Printa Imegoma Kuchapa kwa Wi-Fi: Uliza Anwani Yake Kwanza

Printa ya Wi-Fi ikigoma, wengi wetu hukimbilia kuifuta kwenye laptopu, kupakua programu ya mtengenezaji na kusakinisha kila kitu upya. Saa nzima inakatika na karatasi haijatoka. Nimeipita njia hiyo mara nyingi, na kwa niliyoyaona, draiva, yaani programu inayoiwezesha laptopu kuongea na printa, ndiyo ya mwisho kutiliwa shaka. Hati unayotaka kuchapa husafiri: inatoka kwenye programu, inaingia kwenye foleni ya laptopu, inavuka hadi kwenye ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani), na ruta inaifikisha kwa printa. Ikikwama, imekwama mahali fulani kati ya hapo. Ukishapajua, marekebisho mengi ni ya dakika tano.

Kwa hiyo anza kwa kujua printa yako inakaa anwani gani kwenye mtandao wa nyumbani. Hatua karibu zote zilizo hapa chini zinategemea jibu hilo. Maneno ya kwenye skrini nimeyaacha kwa Kiingereza, maana ndivyo utakavyoyakuta kwenye laptopu nyingi.

## Pima kabla ya kugusa chochote

Karibu kila printa ya nyumbani yenye Wi-Fi inaweza kuchapa yenyewe, bila kompyuta, ukurasa wa taarifa za mtandao. Yenye skrini, utaukuta kwenye mipangilio ya mtandao. Isiyo na skrini, kwa kawaida unabonyeza na kushikilia kwa sekunde kadhaa kitufe cha Wi-Fi au chenye herufi "i". Kijitabu chake kinaeleza ni kipi. Kwenye ukurasa huo tafuta jina la mtandao, hali ya muunganisho, na anwani ya IP, yaani zile namba zinazoitambulisha printa mtandaoni.

Ukurasa ukitoka mweupe, una mistari, au haukutoka kabisa, achana na Wi-Fi. Hapo shida ni wino, tundu za wino zilizoziba, au karatasi, na hakuna mpangilio wa mtandao utakaoitibu.

Anwani ikiwa 0.0.0.0 au inaanza na 169.254, printa haijapewa anwani na ruta. Hiyo ya 169.254 kifaa hujipa chenyewe kikishaomba anwani bila kujibiwa. Ikiwa inaanza na 192.168 au 10, printa imeingia mtandaoni. Iandike mahali.

Sasa geukia laptopu. Kwenye Windows fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike ipconfig. Kwenye Mac tazama mipangilio ya mtandao. Kwenye Linux andika ip addr. Linganisha namba tatu za mwanzo. Printa ikiwa 192.168.1.45 na laptopu 192.168.1.12, wako kwenye mtandao mmoja. Printa ikiwa 192.168.1.45 na laptopu 192.168.0.12, basi kwa nyumba za kawaida hiyo ni mitandao miwili tofauti, haisikilizani, hata kama yote miwili ina intaneti.

Kipimo cha mwisho: fungua kivinjari kwenye laptopu, andika anwani ya printa pale juu kama unavyoandika ya tovuti. Printa nyingi zina ukurasa wao wenyewe unaoonyesha kiasi cha wino na mipangilio. Ukifunguka, njia yote kutoka laptopu hadi printa iko wazi, na kosa limo ndani ya laptopu: foleni, poti (njia ambayo laptopu hutumia kuifikia printa) au draiva. Usipofunguka, jaribu amri ya ping, inayokiuliza kifaa kama kipo, ikifuatiwa na anwani hiyo. Kimya kote kuwili, kosa ni la mtandao. Kipimo hiki kimeniokolea muda kuliko programu yoyote ya kutatua matatizo ya printa.

## Printa inakataa kuingia kwenye Wi-Fi

Kwanza angalia masafa. Printa nyingi za nyumbani husikia Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake, wakati ruta za siku hizi hutoa 2.4 na 5 GHz. Kama jina la mtandao wako linaishia na "5G" au "5GHz" na printa hailioni kabisa kwenye orodha, hiyo ndiyo sababu. Iunganishe na lile jina jingine. Kama ruta hutoa masafa yote mawili kwa jina moja na printa inahangaika kuingia, ingia kwenye mipangilio ya ruta, zima 5 GHz kwa muda, unganisha printa, kisha iwashe tena.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: laptopu haihitaji kuhamia 2.4 GHz ili ichape. Masafa ni milango miwili ya nyumba moja. Laptopu ikiwa kwenye 5 GHz na printa kwenye 2.4 GHz ya ruta ileile, wanaonana vizuri. Usiiteremshe laptopu kwenye masafa ya polepole bila sababu.

Halafu tazama usalama wa mtandao. Ruta iliyowekwa WPA3 peke yake, yaani aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, huzifungia nje printa za zamani, nazo hukuambia tu kwamba zimeshindwa kuunganisha au nenosiri si sahihi, hata ukiliandika sawasawa. Badilisha iwe mseto wa WPA2 na WPA3. Usishuke hadi WEP, ulinzi wa kale ulio dhaifu, wala kuuacha mtandao wazi kwa ajili ya printa. Heri ubaki na waya wa USB.

Nenosiri lenyewe nalo hukosewa sana, hasa kwenye printa ambayo unachagua herufi moja moja kwa vishale. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti, na nafasi tupu mwishoni nayo huhesabiwa kuwa herufi. Ukichoka, tumia WPS, njia ya kuunganisha bila kuandika nenosiri: bonyeza kitufe cha WPS kwenye ruta, kisha cha Wi-Fi kwenye printa ndani ya dakika 2. Isipokubali, huenda WPS imezimwa kwenye ruta, au mtandao uko kwenye WPA3, ambayo haifanyi kazi na WPS.

Sababu ndogo ndogo ambazo huwa nazikagua kwa haraka: waya wa mtandao umechomekwa nyuma ya printa, na kwenye printa nyingi hilo huzima Wi-Fi; ruta imewekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa na printa haimo; ruta inatumia chaneli ya 12 au 13, ambazo vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida havizisikii. Ukiweka chaneli ya 1, 6 au 11, hili la mwisho linaisha. Na kama Wi-Fi yenu hufungua kwanza ukurasa wa kuingia kwenye kivinjari, printa haiwezi kuujaza. Itabidi uwe na ruta yako ndogo.

Printa ikiwa imeingia lakini ina anwani ya 169.254, zima ruta, hesabu sekunde 30, iwashe, isubiri itulie, kisha ndipo uwashe printa. Mpangilio huo una maana: anayegawa anwani aamke kwanza, kisha waombaji.

## Printa ina anwani nzuri, laptopu haiioni

Anza na mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinakupa jina la pili la Wi-Fi kwa ajili ya wageni, na kazi yake hasa ni kumzuia mgeni asifikie vifaa vya nyumbani. Laptopu ikiwa huko, intaneti inapita bila shida lakini printa haionekani. Mpangilio unaofanana na huo, unaoitwa "AP isolation" au "client isolation", unaweza kuwashwa hata kwenye mtandao mkuu, na hutenganisha vifaa vyote vya Wi-Fi kimoja na kingine. Uzime. Simu inayogawa intaneti kwa hotspoti wakati mwingine hufanya hivyohivyo, nayo mara nyingi haikupi nafasi ya kubadilisha. Ndiyo maana siipendekezi kama mtandao wa kudumu wa kuchapia.

Ruta mbili ndani ya nyumba moja ni mtego mwingine. Ya kwanza imeletwa na kampuni ya intaneti, ya pili mmenunua ili mawimbi yafike chumba cha nyuma. Ya pili ikiwa nayo inagawa anwani zake, unapata ile hali ya 192.168.1 na 192.168.0 niliyoitaja. Njia ya haraka ni kuhakikisha printa na laptopu ziko kwenye ruta moja. Njia bora ni kuiweka ya pili kwenye hali ya "access point", ibaki kusambaza mawimbi na kuiachia ya kwanza kazi ya kugawa anwani.

Kama laptopu ni ya kazini, angalia VPN, yaani njia ya siri inayoiunganisha na mtandao wa ofisi. Ikiwa imewashwa, huenda kila kitu kinachotoka kwenye laptopu kinapelekwa ofisini kwanza, pamoja na hati iliyokuwa iende kwenye printa iliyo mezani kwako. Ikate, chapa, iwashe tena. Kama kuikata hairuhusiwi, chapa kwa USB au uwaombe wahusika wa kompyuta kazini waruhusu mtandao wa nyumbani.

Windows huuhesabu kila mtandao kuwa "Public" au "Private". Ukiwa Public, laptopu inajificha na haitafuti vifaa vya jirani. Fungua mipangilio ya Wi-Fi uliyounganishwa nayo uchague Private, lakini nyumbani tu. Antivirusi yenye ukuta wake wa moto (firewall) nayo inaweza kuzuia. Izime kwa dakika chache upime, kisha iwashe na uweke ruhusa kwa mtandao wa nyumbani. Kwa wenye Mac, kuanzia macOS 15 ya mwaka 2024, programu kama ile ya mtengenezaji wa printa huomba ruhusa ya kutafuta vifaa kwenye mtandao wa nyumbani. Mtu akibonyeza kukataa bila kusoma, programu hiyo haioni kitu. Ruhusa hiyo iko kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya "Local Network".

Tazama pia jina la Wi-Fi ambayo laptopu imeshika. Likianza na "DIRECT-", umeunganishwa na printa moja kwa moja, si na ruta. Inachapa, lakini mara nyingi intaneti inakatika, na ukirudi kwenye Wi-Fi ya nyumbani, printa iliyosakinishwa kwa njia hiyo inapotea.

Yote yakiwa sawa na bado printa haijitokezi kwenye orodha, usingoje ijitokeze. Kujitokeza kunategemea printa kujitangaza mtandaoni, na si kila ruta hupitisha matangazo hayo vizuri. Mpelekee laptopu anwani mkononi. Kwenye Windows, nenda "Printers & scanners", bonyeza kuongeza kifaa, subiri lijitokeze chaguo la kuongeza kwa mkono, kisha chagua njia ya anwani ya IP na uandike ile uliyoiandika. Kwenye Mac, bonyeza kuongeza printa, nenda kwenye alama ya dunia, andika anwani, na kwenye protokali chagua AirPrint au IPP, njia za kutuma hati zinazoeleweka na printa nyingi.

## Jana ilichapa, leo imeandikwa Offline

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa kuliko yote. Dada yangu aliwahi kunipigia: "Kaka, hii printa imekufa, ninunue nyingine?" Printa ilikuwa nzima. Umeme ulikatika usiku, uliporudi ruta ikaanza kugawa anwani upya, televisheni ikawahi kuomba na kupewa ile iliyokuwa ya printa. Printa ikapewa nyingine. Laptopu haikuambiwa, ikaendelea kupeleka hati kwenye anwani ya zamani, yaani kwa televisheni, ambayo haijui karatasi ni nini. Kuanzia hapo ikaandika Offline.

Kuhakikisha ni rahisi. Chapa ukurasa wa taarifa, soma anwani ya leo. Kisha kwenye Windows fungua "Printer properties" ya printa hiyo, nenda kwenye "Ports", utazame poti iliyotiwa alama. Anwani zikitofautiana, umempata mkosaji. Ongeza poti mpya ya "Standard TCP/IP" yenye anwani ya leo, itie alama, chapa ukurasa wa majaribio.

Hayo yanakutoa shida ya leo. Ili isirudi, ingia kwenye ruta na uiwekee printa anwani ya kudumu; kwenye ruta nyingi inaitwa "address reservation" au "static lease". Utahitaji anwani ya MAC ya printa, kitambulisho chake cha kiwandani cha herufi na namba 12, nayo imo kwenye ukurasa wa taarifa. Ruta itaikumbuka printa kwa MAC na kuipa anwani ileile siku zote. Wapo wanaopenda kuandika anwani isiyobadilika ndani ya printa yenyewe. Mimi siifanyi hivyo, kwa sababu ruta haijui habari hizo na inaweza kuigawa anwani hiyohiyo kwa simu ya mtu, na siku mkibadilisha ruta printa itabaki imeng'ang'ania namba za mtandao ambao haupo tena.

Kama anwani hazina kosa, au poti imeandikwa WSD, soma na haya. WSD ni aina ya poti ambayo Windows huichagua yenyewe inapoigundua printa, na nimeiona mara nyingi ikiipoteza printa baada ya usingizi. Kuibadilisha iwe Standard TCP/IP kumenimalizia kesi nyingi za Offline ya kuja na kuondoka. Lakini hata TCP/IP ina ugonjwa wake: ndani ya "Configure Port" kuna kisanduku cha "SNMP Status Enabled". Kikiwa na alama, Windows huiuliza printa hali yake kwa lugha ya SNMP, na isipojibu inahesabiwa kuwa haipo, ingawa iko tayari kuchapa. Ondoa alama hiyo, ujaribu tena.

Kisha kagua orodha ya printa. Ukiona jina lilelile mara mbili, moja lina "Copy 1" mwishoni, hayo ni matunda ya kusakinisha tena na tena. Huenda moja ni hai na jingine ni kivuli, nawe unachapia kivuli. Futa lisilochapa. Angalia pia kama umewasha chaguo la Windows kujichagulia printa kuu; likiwashwa, printa uliyoitumia mwisho ndiyo inakuwa kuu, na kama mwisho ulihifadhi PDF, hati yako ya leo inaishia kuwa faili badala ya karatasi. Kwenye matoleo ya Windows yenye dirisha la zamani la foleni, fungua menyu ya "Printer" uone kama "Use Printer Offline" imetiwa alama bila wewe kujua.

Na kama mmebadilisha ruta au nenosiri la Wi-Fi, printa bado inatafuta mtandao wa zamani. Unaweza kuiunganisha upya. Ila kama ndani kuna vifaa vingi, ipe ruta mpya jina na nenosiri lilelile la ruta ya zamani, herufi kwa herufi. Printa, simu na vinginevyo kwa kawaida vitarudi vyenyewe.

## Hati imekwama kwenye foleni

Umeifuta, imeandika "Deleting", na saa moja baadaye bado iko palepale, huku nyingine zote zimepanga mstari nyuma yake. Kwenye Windows, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika net stop spooler. Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na ufute faili zilizomo, bila kuifuta folda yenyewe. Kisha andika net start spooler. Foleni inakuwa tupu, na hati itabidi uitume upya.

Kwenye Mac, foleni ikisimama mara nyingi imejisitisha baada ya kosa, na kuna kitufe cha "Resume" kwenye dirisha lake. Isipokubali, kwenye orodha ya printa shikilia Control, bonyeza, uchague "Reset printing system", ukijua kwamba inafuta printa zote na utaziongeza upya. Kwenye Linux, cancel -a huondoa kazi zilizopanga foleni, na cupsenable ikifuatiwa na jina la printa huiamsha printa iliyosimamishwa.

## Inachapa, lakini kurasa zimejaa alama zisizosomeka

Hapa sasa draiva ndiyo yenye kosa. Mstari wa juu ukianza na %!PS, laptopu imetuma lugha ya PostScript kwa printa isiyoijua. Ukiona @PJL, printa imeyachapa maagizo badala ya kuyatii. Sitisha kazi haraka, maana inaweza kumaliza rimu nzima ya karatasi, kisha sakinisha draiva ya modeli yako kamili, si inayofanana nayo.

Printa zinazoelewa AirPrint, iliyoanza mwaka 2010, au zenye cheti cha Mopria, mfumo wa aina hiyohiyo, mara nyingi hazihitaji draiva ya mtengenezaji: iongeze kwa njia ya IPP nayo laptopu itajua la kufanya. Mimi huanza na hiyo, na hupakua programu kubwa ya mtengenezaji pale tu ninapohitaji skana au mipangilio isiyopatikana vinginevyo.

## Inachapa polepole au inakatika katikati

Isogeze printa karibu na ruta, ujaribu faili ileile. Ikichapa vizuri, ni mawimbi: iondoe nyuma ya kabati la chuma au kando ya tanuri la maikrowevu, ambalo hutumia masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Isipobadilika, chomeka waya wa USB uchape tena. Ikiwa hata kwa waya inachelewa, uzito uko kwenye faili. PDF yenye picha nyingi au fonti ngeni wakati mwingine huchapika vizuri zaidi ukichagua "Print as image" kwenye programu inayoisoma, ukurasa mmoja mmoja ikibidi.